Kliniki imetupa mwanasaikolojia mwanafunzi kwa ajili ya mtoto wetu, tukubali au tusubiri?

Swali la msomaji: "Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, analia, anashika mlango hataki kutoka, jumamosi na jumapili mzima kabisa. Sasa ni wiki tatu hajaingia darasani. Daktari kamcheki tumbo hakuona kitu, akatuandikia kliniki ya watoto na familia. Kliniki wanasema mwanasaikolojia mwandamizi ana nafasi baada ya miezi minne, ila kuna mwanafunzi wao wa mwaka wa mwisho anayesimamiwa anaweza kutuona wiki ijayo kwa nusu bei. Wametupa na fomu ya kukubali vikao virekodiwe video. Baba yake kagoma, anasema mtoto wake sio wa kujifunzia, na sisi wawili tunagombana kila siku kuhusu hili. Tufanyeje?"

Dada, pole sana, najua hizo asubuhi zinavyokuwa, mtu unafika kazini umeshachoka kama umemaliza siku.

Ntakujibu moja kwa moja. Mimi ningemkubali huyo mwanafunzi, wiki hiyo ijayo, ila kabla ya kusaini chochote ningeomba niongee na msimamizi wake dakika kumi na tano na majibu yake ndo yaniamulie. Kwahiyo yeye mwanafunzi sio wa kumchunguza sana, wa kumchunguza ni aliye nyuma yake, na ntakuambia umchunguze vipi.

Kwanza kwanini nasema msisubiri. Mtoto anayekataa shule kwa woga, kila siku anayobaki nyumbani inamfundisha kitu. Asubuhi tumbo linamkata kweli, hadanganyi, mwili wa mtoto mwenye woga unauma kwelikweli, afu ikifika saa nne akishajua leo haendi tena tumbo linatulia, na akili yake inajifunza kwamba kilichomponya ni kubaki, kesho yake woga unarudi na nguvu zaidi, na wakati huohuo masomo yanamwacha, wenzake wanazoea kucheza bila yeye, na siku akirudi kuna maswali ulikuwa wapi siku zote hizo. Wiki tatu bado inarudishika vizuri. Miezi minne mingine juu yake inakuwa kazi nyingine kabisa, hata kwa huyo mwandamizi mnayemsubiri. Ingekuwa tatizo ambalo halikui kwa kukaa, labda kipimo cha kujua kwanini mtoto anasoma polepole, ningekuwa na maneno tofauti kidogo, lakini hili linakua kila siku.

Sasa huyo mwanafunzi ni nani. Mwanasaikolojia wa mwaka wa mwisho kashamaliza shahada ya kwanza, yuko kwenye shahada ya juu, kashasoma ukuaji wa mtoto, vipimo, maadili, njia za tiba, na sehemu nyingi kashakaa na wateja kwenye mazoezi ya mwanzo kabla ya kufika hapo alipo. Kinachobaki ni saa za kazi chini ya msimamizi ambazo bila hizo hapewi leseni. Na dhamana ya kesi kwa kawaida iko kwa msimamizi, yeye ndo mwenye leseni na yeye ndo atakayeulizwa kikiharibika kitu. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, zinasema wazi kwamba pale ambapo dhamana ya kisheria ni ya msimamizi, mteja lazima aambiwe kuwa anayemhudumia yuko mafunzoni na anasimamiwa, na apewe jina la huyo msimamizi. Kliniki yenu imewaambia mapema bila nyinyi kuuliza, na mimi hilo nalihesabu upande wao mzuri. Ninaowaogopa ni wale wanaokuficha ukaja kugundua kikao cha tano.

Mwambie na baba yake kwamba huduma hii ya watoto imeanzia humohumo kwenye mafunzo. Kliniki ya kwanza kabisa ya saikolojia ilifunguliwa mwaka 1896 na Lightner Witmer kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kesi yake ya kwanza ilikuwa ni mtoto wa shule aliyeshindwa spelling, mwalimu wake ndo alimpeleka, na ile kliniki ilikuwa ya kusaidia watoto na kufundishia wanafunzi kwa wakati mmoja. Mpaka leo wanasaikolojia wanafundishwa hivyo. Huyo mwandamizi mnayemtaka naye kuna familia zilimpokea akiwa mwanafunzi.

Ila naelewa hofu ya baba, na hofu yenyewe ni nzuri, baba anayeuliza mtoto wangu anaguswa na nani ni baba anayejali. Anachouliza hasa ni hiki: je miaka ya kazi haina maana? Ina maana, lakini sio kwa kiasi ambacho watu wanafikiria. Kuna utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2016 ulifuatilia wataalamu wa tiba ya mazungumzo 170 na wateja wao zaidi ya 6,500 kwa karibu miaka mitano kwa wastani kila mtaalamu, na kwa ujumla matokeo ya wataalamu hayakupanda kadiri walivyoongeza uzoefu, yalishuka kidogo sana, ingawa wapo mmoja mmoja waliopanda. Hao walikuwa wanahudumia wanafunzi wa chuo sio watoto wa miaka 8, kwahiyo usilibebe neno kwa neno, ila linaendana na ninachokiona mimi kazini, kwamba mtu anaweza kuwa na miaka ishirini ya kurudia mambo yaleyale bila yeyote kumwangalia akifanya kazi. Kinachomkuza mtu kwenye hii kazi ni kuangaliwa, kukosolewa na kurudia, na huyo mwanafunzi anayapata hayo kila wiki.

Na shida ya mwanao ina bahati moja, njia yake inajulikana. Woga wa watoto ni moja ya maeneo ambayo tiba yake imefanyiwa utafiti sana. Mwaka 2008 ilitoka tafiti kubwa ya watoto na vijana 488 wenye matatizo ya wasiwasi, miaka 7 mpaka 17, na waliopata tiba ya kubadili fikra na tabia peke yake, ile inaitwa CBT, bila dawa yoyote, asilimia 60 walipata nafuu kubwa, wakati waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani ni asilimia 24. Waliopata CBT pamoja na dawa walifika 81. Ile CBT ilikuwa vikao 14. Ina hatua: mtoto anajifunza kuutambua woga kwenye mwili, anajifunza kuuliza mawazo yake, afu anapandishwa ngazi kidogokidogo kuelekea kile anachokiogopa, kwa mwanao labda leo mnafika getini mnarudi, kesho anakaa na mwalimu wa darasa nusu saa, wiki ijayo vipindi viwili. Kwa kuwa hatua zinaeleweka, mwanafunzi makini mwenye msimamizi makini anazifuata vizuri, tena mara nyingi anajiandaa kuliko sisi, ana wateja wachache, anasoma faili lako jioni kabla hujaja, anampigia mwalimu simu siku aliyosema atapiga.

Sasa msimamizi, hapa naomba usome taratibu.

Kusimamia kuko kwa aina nyingi na hazilingani hata kidogo. Aina dhaifu ni ile mwanafunzi anakaa na msimamizi mara moja kwa wiki anamhadithia kikao kilikuwaje. Tatizo ni kwamba anahadithia anachokikumbuka na alichokiona, na kile ambacho hakukiona, ambacho ndo cha hatari, hakitatajwa. Labda mtoto alimwangalia mama kila alipotaka kujibu, labda baba alikuwa amekunja mikono saa nzima, mwanafunzi mwenye wasiwasi na karatasi zake haoni. Aina nzuri ni ile msimamizi anaona kazi yenyewe, iwe kwa kukaa chumba kimoja nao, au nyuma ya kioo cha upande mmoja, kile ambacho aliye nyuma anawaona nyinyi hammwoni, au kwa kuangalia video. Kwenye kazi ya familia hii ni desturi ya zamani, timu ya wataalamu wa tiba ya familia wa Milan, Italia, ya akina Mara Selvini Palazzoli, miaka ya 1970 walikuwa wanakaa wenzao nyuma ya kioo na wanamwita mwenzao atoke wajadiliane afu arudi kwa familia. Na ile tiba ya mzazi na mtoto mdogo aliyoibuni Sheila Eyberg, PCIT, mtaalamu anakaa nyuma ya kioo anamwongoza mzazi kwa kifaa cha sikioni wakati mzazi anacheza na mtoto wake. Kwahiyo kuangaliwa kwenye fani hii wala sio aibu wala sio kitu cha wanafunzi tu.

Kwahiyo muulize hivi, na muulize yeye msimamizi sio mapokezi. Wewe mwenyewe unaona vikao au unasikia habari zake? Mnakutana naye mara ngapi kwa wiki na mnakaa muda gani, na hapa jibu lisipungue saa moja kila wiki. Wewe mwenyewe umewahi kutibu watoto wanaokataa shule, maana kuna wasimamizi wazuri sana lakini kazi zao zote ni za watu wazima. Siku ya kikao chetu utakuwa kwenye jengo, na kikitokea cha dharura anakuita vipi? Tukihitaji barua au ripoti ya shule nani anasaini? Na je utakuja japo dakika kumi kikao cha kwanza tukuone uso? Msimamizi mzuri atafurahi kuulizwa hayo. Akijibu kwa kukerwa, au akisema usiwe na wasiwasi yuko vizuri huyo binti, akaishia hapo bila kugusa hata swali moja, basi rudi kwenye foleni yako au tafuta kliniki nyingine, na usijione mkorofi.

Kuhusu fomu ya video. Baada ya hayo niliyosema nadhani unaona kwanini mimi naipenda kamera, ndo inamwingiza msimamizi chumbani. Ila usisaini ukiwa umesimama kaunta. Soma imeandika nani ataangalia, msimamizi peke yake au na wanafunzi wenzake kwenye kikundi, inahifadhiwa wapi, inafutwa lini, na kama inaweza kutumika kufundishia darasani. Hilo la darasani ni ruhusa tofauti kabisa, unaweza kulikataa na kukubali lile la usimamizi. Unaweza pia kukubali leo na kubadilisha mawazo mwezi ujao, na huduma haitakiwi kukatwa kwa sababu hiyo. Na mtoto naye aambiwe kuna kamera na aonyeshwe iko wapi, miaka 8 anaelewa vizuri tu, akikataa asikilizwe, msimamizi anaweza kuingia na kukaa pembeni badala yake.

Siri za familia ni zilezile kama kwa mtaalamu yeyote, tofauti ni kwamba msimamizi naye yumo ndani ya siri. Na mipaka ni ileile, kukiwa na hatari ya mtu kudhurika au mtoto kunyanyaswa hawawezi kunyamaza. Waombe wawaeleze mipaka hiyo siku ya kwanza, wote wawili mkiwepo.

Nikuambie na wapi mwanafunzi anayumba, usije ukashtukizwa. Mtoto peke yake na mwanafunzi huwa wanaelewana haraka sana. Kinachomshinda mtu mgeni wa kazi ni wazazi wawili wakianza kugombana mbele yake. Anaogopa kumkatiza mtu mzima aliyemzidi umri, anaegemea kwa yule mzazi anayeongea vizuri, au anatabasamu na kurudi kwenye karatasi yake ya maswali. Na nyinyi umesema mnagombana kuhusu hilihili. Kwahiyo waambie kliniki mapema, ukweli wote, kwamba mimi na mwenzangu hatujakubaliana na tunapandishiana sauti, na omba kikao cha wazazi msimamizi awepo ndani au nyuma ya kioo. Vikao vya mtoto mwenyewe mwanafunzi aendelee. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mimi ningesisitiza mpaka nipate.

Udhaifu mwingine ni kwamba wanaogopa kuwaudhi wazazi, wanasifia kila kitu. Mwambie tu kwa upole, mwanangu au dada, vyovyote utakavyomwita, hapa tumekuja tuambiwe tunapokosea. Maana sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kwenu. Kuna tiba inaitwa SPACE, imetoka Chuo Kikuu cha Yale kwa Eli Lebowitz, ambayo mtoto mwenyewe haji kabisa, wanafundishwa wazazi namna ya kupunguza yale wanayoyafanya kwa huruma yanayoulisha woga, huku wakimwonyesha mtoto kwamba wanamwelewa na wanaamini anaweza. Kwenye majaribio ya watoto 124 wenye wasiwasi matokeo yake yalikuwa sawa na ya watoto waliotibiwa wenyewe kwa CBT. Kwahiyo kama kwenye vikao sita mmeitwa wazazi mara moja tu, uliza kwanini.

Sasa zipo hali ambazo ningesema hapana, mwandamizi kwanza. Kama mtoto anaongea habari za kutaka kufa au kujiumiza, hapo hata miezi minne hamna, ni leo, hospitali au huduma ya dharura. Kama kuna mtu anampiga au anamgusa vibaya, nyumbani au shule. Kama anasikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au ameacha kula na kilo zinashuka. Na kama kuna kesi ya talaka au ya malezi inakwenda mahakamani, maana ripoti hapo inageuka silaha na mwanafunzi hatakiwi kuwekwa katikati. Kwa uliyoniandikia sioni hata moja, ila kaa na mwanao muulize taratibu kama kuna mtu shuleni anamsumbua. Mtoto anayeonewa kweli anachohitaji kwanza ni shule ishughulike na mwonezi, kumpandisha ngazi za ujasiri kuelekea kwa anayempiga ni kumuonea mara ya pili.

Kuna kitu ambacho kliniki nyingi wanasahau kukisema nacho kinaniuma sana kwa watoto: mwanafunzi ataondoka. Mazoezi yake yana tarehe ya mwisho, labda miezi sita, labda mwaka, na siku hiyo ikifika anahamia kituo kingine hata kama mtoto wako ndo kwanza amefungua moyo. Uliza hiyo tarehe simu ya kwanza kabisa. Ikiwa imebaki miezi mitano inatosha, kwa kikao kimoja kwa wiki. Ikiwa imebaki wiki sita, waambie wawape mwingine. Na mtoto aambiwe mapema, sio kikao cha mwisho, ajue vimebaki vikao vingapi, aage vizuri, na kama kazi haijaisha yule anayempokea aje akae nao kikao kimoja wote watatu. Mtoto ambaye tayari ana woga wa kuachana na watu akipotezewa mtu ghafla hivyo mnaweza kuanza upya.

Maendeleo msiyapime kwa kuangalia kama mtoto anampenda, ingawa ni muhimu ampende. Wiki ya kwanza waombe wawape dodoso fupi la hisia na tabia za mtoto, lipo la maswali 25 linaitwa SDQ, alilitengeneza Robert Goodman, mzazi anajaza na mwalimu anajaza la kwake, afu lirudiwe baadaye. Na nyinyi nyumbani andikeni tu kwenye daftari: leo alifika wapi, getini, darasani, vipindi vingapi. Ikifika kikao cha sita au cha saba na daftari halijasogea kabisa, ombeni kikao na msimamizi. Msiogope kwa sababu mnalipa nusu, bei imepunguzwa lakini haki ya kuuliza na ya kulalamika ni nzima.

Baba yake usimshinde kwa hoja. Mpe hayo maswali ya msimamizi ayaulize yeye mwenyewe kwa sauti yake, kwenye simu, akisikia majibu kwa masikio yake ataamua kama mtu mzima na hata akikataa mtakuwa mmekataa pamoja kwa sababu mnayoijua.

Kwa mtoto usimwambie unampeleka kwa daktari, atawaza sindano. Mwambie tunaenda kwa mtu anayesaidia watoto ambao tumbo linawauma wakifikiria shule, wapo wengi, mama na baba tutakuja na wewe, hakuna sindano. Hatauliza amesoma mpaka wapi. Na wiki hii kabla ya kikao ongea na mwalimu wake, asubuhi mvalishe sare kama kawaida hata kama mtaishia getini, na akibaki nyumbani saa za shule zisiwe za tivii na simu, awe na daftari lake mezani.

Na jina lenu kwenye foleni ya mwandamizi msilifute. Kliniki wakisema mkichukua mwanafunzi mnatoka kwenye orodha, ombeni muachwe mpaka angalau kikao cha sita, na ombeni kwa maandishi.